Siku 40 zilizo 46: sala ya kila siku wakati wa Kwaresima

Chukua kalenda ya mwaka 2026 uhesabu kwa kidole kuanzia Jumatano ya Majivu, 18 Februari, hadi Jumamosi Kuu, 4 Aprili. Utapata siku 46. Rudia, safari hii ukomee Alhamisi Kuu, upate 44. Sasa zile 40 zinazotajwa katika kila mahubiri zimetoka wapi? Swali hili huzuka kila mwaka katika jumuiya za Nairobi, na kwa kawaida huulizwa chai ikiwa tayari inamiminwa, kwa hiyo halijibiwi.

Kuna hesabu mbili. Ya kwanza inatoa Jumapili. Jumapili ni ukumbusho wa ufufuko, Pasaka ndogo ya kila wiki, na tangu zamani Kanisa halikutaka watu wafunge siku hiyo. Ndani ya 46 mna Jumapili 6. Zitoe, zinabaki 40. Hesabu ya pili ni kongwe zaidi: inaanza Jumapili ya kwanza ya Kwaresima na kufika Alhamisi Kuu, Jumapili zikiwemo, nazo ni 40 kamili. Zile siku 4 za mwanzo, kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi yake, ziliongezwa baadaye ili siku za kufunga zenyewe zifike 40. Kwa kanuni za kalenda ya Kirumi za mwaka 1969, Kwaresima inakwisha Alhamisi Kuu kabla ya Misa ya jioni ya Karamu ya Bwana. Kinachofuata ni Siku Tatu Kuu za Pasaka, kipindi chenye hadhi yake.

Hesabu hii ina matokeo yake mezani. Ukiacha soda kwa Kwaresima, Jumapili unaweza kuinywa na hujavunja kitu. Ukiacha kubeti, hiyo haikuwa funga tangu mwanzo, ilikuwa toba, na hakuna Jumapili ya kurudi kubeti.

Tarehe nayo huhama. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili, na Jumatano ya Majivu huangukia kati ya 4 Februari na 10 Machi. Mwaka 2027 itakuwa 10 Februari. Waorthodoksi, ambao seminari yao iko Riruta, wana hesabu yao: wao huanza Jumatatu, hawana majivu, na mwaka 2026 Pasaka yao iliangukia 12 Aprili, wiki moja baada ya wengine.

Na jambo la mwisho kabla ya kuingia katika sala yenyewe: Kwaresima si mali ya Wakatoliki peke yao. Waanglikana wa ACK, Walutheri na Wamethodisti wanayo katika kalenda zao. Makanisa mengi ya Kipentekoste jijini hufunga na kuomba Januari badala yake, lakini hakuna kinachomzuia Mpentekoste kufuata masomo yaleyale. Ni Biblia ileile.

Kalenda imeshakuchagulia

Kosa la kwanza hufanyika usiku wa Jumanne, kabla hata ya majivu. Mtu anakaa kitandani na kujitungia mpango: sura 5 kwa siku, rozari nzima, kuamka saa 9 usiku, na kitabu cha tafakari alichopewa harusini. Huo mpango hautafika Jumapili ya pili. Lakini hata ungefika, ni kazi ya bure, maana kazi ya kuchagua nini kisomwe siku gani imefanywa zamani, na imefanywa vizuri kuliko utakavyoifanya wewe.

Masomo ya siku za juma katika Kwaresima hayabadiliki mwaka hadi mwaka. Jumatano ya Majivu ni Yoeli 2:12-18, Zaburi 51, 2 Wakorintho 5:20 hadi 6:2, na Mathayo 6:1-6, 16-18. Ijumaa na Jumamosi zinazofuata zinagawana Isaya 58. Jumatatu ya juma la kwanza ni Mathayo 25:31-46, kondoo na mbuzi. Jumanne ni Mathayo 6:7-15, Baba Yetu. Katika majuma 3 ya kwanza Injili zinachukuliwa kwa Mathayo, Marko na Luka, na somo la kwanza huchaguliwa liongee na Injili ya siku. Kisha Jumatatu ya juma la nne mkondo unageuka: unaingia Yohana na unabaki humo karibu hadi mwisho, siku hadi siku, huku ugomvi kati ya Yesu na wakuu ukizidi kuwa mkali. Anayesoma Injili peke yake kila siku, bila kingine chochote, atausikia mgeuko huo mwenyewe. Anayeruka siku na kufungua popote hatausikia.

Jumapili zinafuata mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Kujua uko mwaka gani ni rahisi: mwaka unaogawanyika kwa 3 bila baki ni C. Hivyo 2025 ulikuwa C, 2026 ni A, 2027 ni B. Mwaka A ndio wenye zile Injili tatu ndefu za Yohana: mwanamke Msamaria, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro. Parokia yenye wakatekumeni wanaongoja ubatizo wa Mkesha wa Pasaka inaweza kuzisoma mwaka wowote.

Hapa kuna mtego unaowasumbua wengi, na ni wa namba tu. Kalenda ya liturujia inakuambia Zaburi 51:3-4. Unafungua Biblia ya Union Version, aya ya 3 inasema, "Maana nimejua mimi makosa yangu", lakini kanisani umesikia ikianza, "Ee Mungu, unirehemu, sawasawa na fadhili zako." Hakuna aliyekosea. Hesabu ya Kiebrania mara nyingi inahesabu kichwa cha zaburi kama aya. Union Version haikihesabu. Zaburi 51 ina kichwa kirefu kilichochukua aya mbili, kwa hiyo toa 2. Nyingi zenye vichwa utatoa 1, na zile zisizo na kichwa, kama Zaburi 95, hutoi kitu. Juu ya hayo, vitabu vya zamani vya sala hufuata hesabu ya Kilatini, ambamo karibu zaburi zote kati ya 10 na 147 zimerudi nyuma kwa moja: 51 inaitwa 50, na 23 inaitwa 22. Ukiona zaburi haihusiani kabisa na siku, jaribu namba ya jirani kabla ya kulaumu kalenda.

Dakika 15

Robo saa inatosha. Tunasema hivyo tukijua kuna watakaoona ni kidogo. Robo saa ya kila siku kwa siku 46 ni saa 11 na nusu za kukaa na Neno, kiasi ambacho Wakristo wengi hawajawahi kukifikisha ndani ya mwezi mmoja na nusu.

Njia ya kuigawa robo hiyo ilipangwa katika karne ya 12 na mtawa Mkartusi, Guigo wa Pili, aliyeiita ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kutulia mbele za Mungu. Kwa saa ya mkononi inakuwa hivi. Dakika 1 ya kukaa na kunyamaza, ukifungua kwa "Ee Bwana, uifumbue midomo yangu." Dakika 4 za kusoma mara mbili, kwa mnong'ono na si kwa macho tu, mara ya kwanza ujue kilichotokea, mara ya pili polepole, usimame pale neno linapokushika. Dakika 5 za kulitafuna neno hilo moja. Dakika 3 za kumwambia Mungu kile kilichozuka. Dakika 2 za mwisho usiseme kitu.

Tuchukue Injili moja tuione kwa karibu: Yohana 4:5-42, Jumapili ya tatu ya mwaka A. Ni aya 38, ndefu mno kwa robo saa. Soma 5 hadi 15 siku ya kwanza, 16 hadi 30 siku ya pili, zilizobaki ya tatu. Injili ya Jumapili inaweza kuliwa hadi Jumatano bila kuharibika, kando ya masomo ya siku. Tuseme uko siku ya pili na umefika aya ya 28: "Basi yule mwanamke akauacha mtungi wake, akaenda zake mjini." Msomaji wa Nairobi hana haja ya kamusi hapo. Mtungi kwake ni ule wa plastiki wa lita 20, wa njano, uliopangwa kwenye foleni ya kioski huko Kayole au Pipeline siku ambazo mifereji imekauka. Na anajua jambo moja ambalo wafafanuzi wengi wa ng'ambo hawalitaji: mtungi hauachwi. Ukiuacha, ukirudi haupo, au uko nyuma ya foleni. Basi huyu mwanamke, aliyetoka nyumbani jua la utosi kwa ajili ya maji, imekuwaje akaondoka bila maji na bila mtungi?

Swali hilo linatosha kwa dakika zote 5. Usilijibu haraka. Rudi katika maandiko uone: katika aya ya 15 aliomba maji "nisione kiu, wala nisije hapa kuteka", alitaka kupunguziwa safari. Sasa safari anaifanya mwenyewe, kwenda kwa watu. Hapo wahubiri wengi huongeza kwamba alikuja saa sita kwa sababu aliwaepuka majirani. Yohana hasemi hivyo. Inaweza kuwa kweli, lakini ni nyongeza, na anayetafakari azoee kutenganisha kilichoandikwa na alichokisikia kwenye spika.

Ukimaliza, chagua maneno mawili au matatu uondoke nayo. "Akauacha mtungi." Yaandike nyuma ya risiti, uyatie mfukoni. Simu haifai kwa kazi hii: unaifungua kutafuta aya, ujumbe wa kikundi unakukuta mlangoni. Na kwenye matatu usiku, simu ikiwa karibu na dirisha wakati wa foleni, utaibiwa sala na simu pamoja.

Makosa ya robo saa hii yanajulikana. Kubwa ni kuanza na tafakari iliyoandikwa na mtu mwingine. Kila asubuhi kikundi cha WhatsApp cha parokia kinaleta ujumbe mrefu wenye picha ya mshumaa. Mtu anausoma, anaandika "Amina", anautuma kwa vikundi vingine vitatu, na moyoni anahesabu kuwa amesali. Tafakari ya mwenzako isomwe mwisho, baada ya dakika zako 15, nayo itakufaa zaidi kwa sababu utakuwa na la kuijibu. Kosa lingine ni kugeuza dakika zote kuwa orodha ya maombi: karo, kazi, viza, mama mgonjwa. Maombi hayo yana haki yake, yape zile dakika 3. Yakichukua 15, Injili ya siku itakuwa imepita kama gari lisilosimama stejini.

Saa ya Biblia ni saa yetu

Yohana 4:6 inasema Yesu alichoka na safari akaketi kisimani, "nayo ilikuwa yapata saa sita." Mzungumzaji wa Kiingereza akisoma hapo katika tafsiri za zamani hulazimika kufafanuliwa kuwa saa ya sita ni adhuhuri. Mswahili hahitaji kuelezwa. Watu wa Biblia walihesabu saa tangu jua lichomozapo, kama sisi, na jua la Nairobi kwa kuwa linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, hesabu inakaa sawa kuliko hata huko Yerusalemu.

Ndiyo maana saa za sala za zamani ziko tayari katika lugha. Saa tatu: katika Marko 15:25 ndipo Yesu aliposulubiwa, na katika Matendo 2:15 ndipo Petro anasema watu hawajalewa. Saa sita: giza linaanza, na Petro yuko darini akisali katika Matendo 10:9. Saa tisa: Yesu anakata roho, na Petro na Yohana wanapanda hekaluni "saa ya kusali" katika Matendo 3:1. Didake, maandiko ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yanawaagiza wasali Baba Yetu mara tatu kwa siku, na wafunge Jumatano na Ijumaa.

Kwa mtu asiyeweza kupata robo saa iliyotulia, na jijini ni wengi, hili ndilo tegemeo. Mama mboga aliyefika Marikiti saa 10 usiku hana asubuhi ya kukaa na Biblia. Mlinzi wa zamu ya usiku ana kinyume chake, muda tele na usingizi. Baba Yetu moja saa tatu, Malaika wa Bwana saa sita, na saa tisa kimya cha dakika moja: jumla haizidi dakika 5, na hakuna hata anayejua umesali. Saa tisa ya kila Ijumaa ipe uzito kidogo zaidi.

Chumba cha ndani, nyumba ya chumba kimoja

Injili ya Jumatano ya Majivu inaagiza: "Bali wewe usalipo, ingia katika chumba chako cha ndani." Watu wa nyumba ya chumba kimoja, mume, mke, watoto watatu na pazia katikati, husikia hapo agizo la watu wa Karen. Neno la Kigiriki lililotumika, tameion, ni stoo, mahali pa kuwekea nafaka na akiba. Yesu alikuwa akiwataja wanaosimama njia pandani ili waonekane. Jambo lenyewe ni kutoonekana.

Kutoonekana kunawezekana kwa njia nyingi. Kiti kimoja kikigeuzwa kutazama ukuta kabla watoto hawajaamka, saa 11 alfajiri, kinatosha, mradi kiwe kilekile kila siku. Mwili hujifunza haraka kuliko kichwa. Wanaofanya kazi katikati ya jiji wana Basilika ya Familia Takatifu, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, na Kanisa la Mtakatifu Paulo karibu na Chuo Kikuu, ambamo mtu anaweza kuingia mchana, akakaa nyuma, asiulizwe kitu. Ndani ya matatu, funga macho kana kwamba umelala, ulichukue ombi fupi la kale: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu," unavuta pumzi; "unihurumie mimi mwenye dhambi," unatoa. Muziki ukiwa juu sana usipigane nao. Hesabu steji: kutoka Roysambu hadi Allsops ombi hilo linaingia mara nyingi kuliko unavyodhani, na foleni ya Thika Road ikikwama, mara nyingi zaidi.

Njaa, na pesa ya njaa

Sheria ya Kikatoliki ni nyepesi kuliko inavyosimuliwa. Siku za kufunga kula ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifiki mlo kamili. Inawabana walio na miaka 18 hadi wanapofikisha 59. Kuacha nyama ni siku hizo mbili na kila Ijumaa, kuanzia miaka 14. Samaki, mayai na maziwa haviguswi, na mafuta ya wanyama yakitumika kuungia mboga si kosa. Maji hayakatazwi kamwe. Kufunga bila maji ni desturi ya kwingine. Ijumaa ikiangukia sherehe kubwa, sharti la nyama linaondoka: 19 Machi 2027, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, ni Ijumaa, na mwenye kula nyama siku hiyo asitazamwe vibaya. Wagonjwa, wajawazito, wenye kisukari au vidonda vya tumbo, na wanaofanya kazi za sulubu wana ruhusa, na si ruhusa ya kuombewa radhi.

Sheria haijataja lengo lake, na hapo ndipo Isaya 58 inapoingia. Nabii anawaambia watu wake kwamba siku ya kufunga kwao wanatafuta anasa zao na "kuwalemea wote wawatumikiao." Kisha anaitaja funga ya kweli: "kuwagawia wenye njaa chakula chako." Si chakula kingine, ni kile chako, ambacho hukukila. Ijumaa ya samaki wa kupaka wenye gharama kuliko nyama imeshika herufi ya sheria, basi. Na bosi anayefunga hadi jioni huku dada wa kazi akidai mshahara wa mwezi uliopita ndiye hasa Isaya anayemwelekezea kidole.

Utekelezaji unahitaji hesabu ya wazi, la sivyo pesa inayeyuka. Tuseme chakula chako cha mchana kibandani ni shilingi 200, na umeamua kukiacha kila Jumatano na Ijumaa. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Ijumaa Kuu kuna Jumatano 7 na Ijumaa 7. Siku 14, shilingi 2,800. Pesa hiyo itoke mfukoni siku ileile, kwenye kopo lililofungwa au kwa M-Pesa kwenda kwa unayemjua ana uhitaji. Ukiiacha kwenye simu "nitajumlisha mwishoni", itakuwa nauli na tokeni za stima. Na ile saa ya mchana uliyoipata kwa kutokula usiitumie kutazama simu. Hiyo ndiyo saa sita ya sala.

Jumuiya na Ijumaa

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, waliamua kuujenga ushirika wa kikanisa katika jumuiya ndogondogo, na Kwaresima ndicho kipindi ambacho jumuiya hizo hujaa. Tume ya Kikatoliki ya Haki na Amani hutoa Kampeni ya Kwaresima ya kila mwaka, kijitabu chenye mada ya kila juma kuhusu maisha ya nchi, ambayo watu huiona, kuipima na kuitendea kazi. Kwa Injili, nyingi hutumia hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa, kunyamaza, kushirikishana, kuangalia kazi ya kufanya, kusali.

Hatua ya nne ndiyo hufa. Mwongozaji anasema "tunyamaze kidogo", anakohoa, anaanza ya tano. Mpe mtu saa, atangaze dakika 3 na azilinde. Ya tano nayo hugeuka mahubiri. Sheria rahisi ni kila mtu aseme "mimi" na asiseme "nyinyi". Michango na matangazo yasubiri hadi hatua ya saba iishe, na mkutano mzima usizidi saa moja, hasa Machi mvua ya masika inapoanza na watu wana matope ya kurudi nayo gizani.

Njia ya Msalaba ya Ijumaa ina vituo 14 na huchukua nusu saa hadi dakika 45. Kuanguka mara tatu, kukutana na Mama, na Veronika akipangusa uso havimo katika Injili. Vimetoka katika ibada ya watu. Asiyetaka hivyo, mwaka 1991 Papa Yohane Paulo II alitumia mpangilio mwingine ambao vituo vyote vimo katika Injili. Ukiwa peke yako, vituo 2 kwa siku vinatimiza Njia nzima ndani ya wiki moja.

Usiku, na juma la pili

Kabla ya kulala, dakika 5 za kuchunguza dhamiri kwa mpangilio wa Inyasi wa Loyola: shukuru, omba mwanga, pitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka, omba msamaha, azimia kesho. Wengi huanzia la nne, wakalala na huzuni. Shukrani inakaa kwanza kwa sababu bila hiyo mtu hupitia siku yake kama karani wa mahakama. Unachokiona kikijirudia usiku wa nne au wa tano, kiandike. Hicho ndicho cha kupeleka kwenye kitubio. Nenda juma la pili au la tatu. Juma Kuu foleni inazunguka kanisa, padri amechoka, na utapewa dakika mbili.

Ni katika juma la pili pia ambapo robo saa huvunjika. Siku moja umechelewa kuamka, ya pili stima zimepotea, ya tatu unaona aibu. Wengi hujaribu kulipa: kusoma masomo ya siku tatu kwa mkupuo. Jirani Mwislamu wa Eastleigh au Pangani ana kadha, siku za Ramadhani zilizompita huzilipa baadaye, na ni sheria yake. Kwaresima haina kadha. Siku iliyopita imepita. Fungua somo la leo, anza na dakika 5, kesho rudi kwenye 15. Kama robo saa imevunjika mara tatu kwa wiki, saa uliyochagua ndiyo mbaya. Ibadilishe mara moja, usiibadilishe tena.

Jumapili ya Matawi, beba tawi nyumbani, ulichomeke nyuma ya mlango au juu ya picha, mbali na jiko, kwa maana mvuke huleta ukungu. Parokia itayadai matawi hayo wiki moja au mbili kabla ya Jumatano ya Majivu ijayo. Anayeyachoma atumie sufuria kuukuu, uani, yakiwa makavu hadi yanavunjika, kisha ayapoze na kuyachekecha kwa kichujio cha chai. Asiyakoroge kwa maji mengi: majivu na maji hutoa magadi yanayochoma ngozi, na paji la uso la mtoto litaonyesha alama hadi Jumapili. Matone machache ya mafuta, au yapakwe makavu.